Mashetani wa Marekani Wananimalizia Yuniti

Jamani, mwenzenu nimechoka. Yuniti zimeisha tena, na kwenye nyumba yenye wapangaji watano na mita moja, umeme ukiisha kabla ya tarehe lazima atafutwe mchawi. Mchawi siku hizi ni mimi. "Baba wa chumba cha pembeni halali gizani." Wanasema kweli, sizimi taa. Ila wangejua kilichonifikisha hapa wasingenichangisha, wangenichangia.

Chanzo ni muvi. Inaitwa The Conjuring, ya mwaka 2013, kaiongoza James Wan. Kijana wa dukani aliniingizia kwenye flashi, tena ile iliyotafsiriwa, na mtafsiri mwenyewe kila mlango ukilia kwiii anatia utani wake, nikajua ni komedi. Komedi! Mpaka leo nikipita lile duka namtazama yule kijana kwa jicho la deni.

Kwa asiyeijua: familia ya Perron, baba, mama na mabinti watano, wanahamia nyumba ya shamba kule Rhode Island, Marekani, mwaka 1971. Mbwa wao anafika mlangoni, anagoma kuingia. Wao wanaona ana matatizo yake, wanamwacha alale nje. Asubuhi kafa. Sasa na mimi na akili zangu hizi za kubeba zege, mbwa akishatoa taarifa kama ile, mchana huohuo godoro liko juu ya kirikuu linarudi lilikotoka. Wale wakabaki, wakaanza kupanga vyombo.

Basi tangu hapo sichukui chumba bila kuuliza habari za wanyama. Dalali anakuzungusha juani, umeshampa hela yake ya usumbufu, anakusifia maji yanatoka, choo ndani, barabara haiko mbali. Mimi nauliza, "Paka anaingia humu?"

"Kaka, kwani unahama na paka?"

"Hapana. Nataka tu nimuone akiingia."

Akasogea pembeni kupiga simu kwa mwenye nyumba, kanipa mgongo. Chumba kikapewa mtu mwingine.

Halafu kabati. Kwenye ile muvi kuna mchawi amejikunyata juu ya kabati, anawaangalia watoto walio chini. Mtu mzima, juu ya kabati! Mke wangu ana kabati la mninga alilokuja nalo siku ya harusi, na juu yake kumejaa sanduku, sufuria za shughuli na begi la nguo za baridi ambazo mjini hapa hatutakaa tuzivae. Kwenye lile begi zipu imeharibika, mkono wa sweta la kijivu umetoka, unaning'inia mpaka usawa wa kitasa. Kila usiku naurudisha ndani. Feni ikizunguka kidogo, umetoka. Mke wangu ananikuta nimepanda stuli na tochi ya simu, ananiuliza natafuta nini. Namwambia panya. Ameshanunua sumu ya panya, na hela katoa kwenye mfuko wangu.

Joto nalo. Mwezi wa pili Dar es Salaam unalijua, feni yenyewe inakupulizia moto, kila mwenye akili anatoa mguu nje apate hewa. Mimi sitoi. Kuna binti mle kwenye muvi anavutwa mguu usingizini, anavutwa kabisa. Kwa hiyo chandarua nakichomeka chini ya godoro pande zote, najifungia humo na jasho langu. Serikali iligawa vyandarua kwa ajili ya malaria, nami nashukuru, lakini kwangu mbu ni suala la pili.

Na makofi, loo. Watoto wa Perron wana mchezo wao: mmoja anafungwa kitambaa machoni, wenzake wanajificha, akiomba makofi wanapiga, anawafuata kwa sauti. Mama mtu anafuata makofi mpaka kabatini, kumbe watoto wako kwingine. Siku hizi watoto wa uani wakicheza kombolela mimi nakaa nao vizuri. Akipiga mmoja tu kofi, nawatawanya wote waende wakasome. Hata kwenye harusi natikisa leso.

Watu wananiambia, hao Wazungu wajinga, kwa nini hawakuhama? Nami nilikuwa nauliza hivyohivyo. Wazee wetu wa Unguja na Pemba mwaka 1995, ilipovuma habari ya Popobawa, lile jini linalosemwa huvamia watu usiku vitandani, walibeba mikeka wakalala nje wamekusanyika, moto unawaka. Hiyo ndiyo akili. Hakuna aliyeshuka chumba cha chini ya nyumba na njiti ya kiberiti, kama wale wa kwenye muvi, kuuliza "nani yuko huko?" Lakini nikaja kusikia kwamba familia yenyewe ya kweli ilikaa mle mpaka mwaka 1980, eti hawakuwa na uwezo wa kuhama. Nikanyamaza. Mimi nimelipa kodi ya miezi sita mkupuo, na mwenye nyumba wangu harudishi hata mia. Ashuke jini humu ndani, atafute yeye pa kwenda, mimi nina mkataba.

Sasa turudi kwenye yuniti. Kikao kimekaa barazani, mama wa chumba cha mbele kaja na karatasi ya hesabu, kaandika jina langu peke yangu kwa kalamu nyekundu. Nikajitetea kwamba taa moja haili kitu. Mtu mmoja, ambaye ana jokofu na pasi, akaguna. Bi mkubwa mwenye nyumba, mtu wa busara, akakata shauri: akaniletea taa ya sola, bure, akasema sasa washa mpaka uchoke.

Nilifurahi. Naianika juu ya bati tangu asubuhi mpaka jua linazama. Na inawaka vizuri kweli, nyeupe, chumba kizima. Sasa mle kwenye muvi saa zote za nyumba zinasimama saa tisa na dakika saba za usiku, hapo ndipo mambo yanapoanza. Taa ya bi mkubwa inafika saa tisa kasoro robo inageuka rangi ya chungwa, inapepesa, inazima.

Nimempigia kumwambia taa yake ina kasoro. Kaniuliza saa tisa za usiku nataka kusoma nini.