Pikosekunde Zina Nafasi Maseno na Kakamega

Kidato cha Tatu, wanafunzi wa fizikia hapa Kisumu hupima kasi kwa tiketaima, kile kifaa kinachogonga nukta kwenye utepe kila baada ya sekunde 0.02. Pima umbali, gawanya kwa muda, umepata kasi. Natamani mwalimu wa somo hilo aongeze dakika chache awaambie kwamba hesabu hiyohiyo hutumiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia ya chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kutambua chembe ndogo kuliko atomu. Ila vihisi vipya vinavyoundwa kwa ajili ya huko hupima muda kwa usahihi wa pikosekunde 30 hivi. Sekunde moja ina pikosekunde trilioni moja. Katika pikosekunde 30, mwanga wenyewe husafiri milimita 9 tu.

Kuna haja gani ya usahihi huo? Pioni, kaoni na protoni, aina tatu za chembe hizo, zinaweza kuwa na chaji sawa na kupindwa na sumaku kwa kiasi kilekile. Kupinda huko hutupa momenta ya chembe, yaani uzito wake ukizidishwa kwa kasi, lakini hakutuambii uzito wake. Trekta lililojaa miwa la Chemelil na bodaboda vikiwa na momenta sawa, bodaboda ndiyo iliyo mbioni zaidi. Kwa hiyo ukijua momenta na ukapima muda wa safari, uzito hujitokeza, na uzito ndio kitambulisho cha chembe. Kaoni ni nzito kuliko pioni zaidi ya mara tatu. Zote zikiwa na momenta ya GeV 1 (kipimo cha wanafizikia wa chembe), kaoni hufika pikosekunde 350 hivi baada ya mwenzake katika safari ya mita moja. Zipe GeV 3 na pengo hushuka hadi 40 hivi, maana zote mbili sasa zinaukaribia mwendo wa mwanga. Hapo saa ya kawaida haina la kusema.

Kihisi kinachoweza kazi hiyo ni cha silikoni, kinaitwa LGAD, na kilianza kutengenezwa katika kituo cha CNM, Barcelona. Sehemu yake inayofanya kazi ina unene wa mikromita 50 hivi. Chembe ikipenya huachilia elektroni elfu chache tu, ishara hafifu mno. Ndiyo maana karibu na uso huwekwa tabaka la boroni ambako uga wa umeme ni mkali: elektroni zikifika huko hubandua nyingine, na ishara hukua mara 10, 20 au zaidi kidogo. Kuikuza mara maelfu kungekuza kelele, yaani ishara zisizotakiwa, pia. Kiasi hicho cha wastani ndicho ninachokistahi zaidi katika ubunifu huu. Mionzi ndiyo adui: polepole huifanya boroni ishindwe kazi yake, na ukuzaji hupotea. Watafiti wameona kwamba kaboni kidogo ikichanganywa humo hupunguza hasara hiyo.

ATLAS na CMS, majaribio mawili makubwa ya CERN, zinavihitaji kwa LHC iliyoboreshwa, mtambo wa kugonganisha protoni, ambako protoni zitakutana kila nanosekunde 25 na kila mkutano unaweza kuzaa migongano 200 hivi. Huko saa itasaidia kwanza kujua chembe ipi ni ya mgongano upi. Kazi ya utambuzi hasa imepangiwa vihisi vya jamii hii katika jaribio la ePIC, Brookhaven, Marekani.

Wapo wanaosema fizikia hii si yetu. Sikubali hata kidogo. Kupima kihisi kimoja hakuhitaji mtambo wa kilomita 27 kama LHC. Kunahitaji chanzo kidogo cha mionzi cha strontiamu-90 chenye kibali, kikuza ishara, kisanduku cha baridi na oskiloskopu ya kasi, kifaa kinachochora ishara za umeme. Oskiloskopu ni ghali, hilo ni kweli, lakini Chuo Kikuu cha Maseno na kile cha Masinde Muliro kule Kakamega vinaweza kuichangia moja.

Hoja kwamba hospitali zitangulie kupewa fedha naiheshimu. Lakini mashine nyingi za kisasa za PET, zinazopiga picha za ndani ya mwili, ambazo mgonjwa wa saratani wa huku huzifuata Nairobi, hutegemea ujuzi wa jamii hiihii: kupima tofauti ya muda kati ya fotoni mbili (chembe za mwanga) zinazotoka mwilini. Siku zikiletwa magharibi, tutahitaji watu wetu wanaozielewa kwa ndani.

Fedha za oskiloskopu zikichelewa, muoni, chembe zinazotushukia kutoka angani, hazitozi mtu. Karibu moja hupita katika kila sentimita mraba kila dakika, Kakamega kama Geneva. Weka vibao viwili vya plastiki inayotoa mwanga ikipitiwa na chembe, kimoja mita 3 juu ya kingine, kila kimoja na kifaa cha silikoni cha kuuona mwanga huo. Muoni itachukua nanosekunde 10 hivi kutoka juu hadi chini, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kulipima hilo kwenye ngazi za jengo la sayansi. Ningeanza na jozi moja Maseno na moja Kakamega, mwanafunzi mmoja wa uzamili kila upande. Wakishapata data, waandikie vikundi vya Moroko na Afrika Kusini ambavyo tayari vimo ATLAS, waombe kihisi cha LGAD cha kujaribia.