Shangazi si anti, na Mswidi analijua hilo

Jumamosi iliyopita, kwenye arusi ya binti wa bamkubwa wangu, mshereheshaji alimsimamisha shangazi yetu akamtambulisha kama "anti". Nilivumilia. Kisha akasema Wazungu hawajui undugu, kwao mjomba na bamdogo ni mtu mmoja. Ukumbi ukapiga makofi, nami hamu ya pilau ikaniishia.

Wazungu gani hao? Uswidi kaka wa mama ni morbror, kaka wa baba ni farbror. Dada wa mama ni moster, dada wa baba ni faster. Hayo mawili ya mwisho yalianza marefu, "mama" au "baba" likiungana na "dada", vinywa vikayakata kadiri karne zilivyopita, kama sisi tulivyomkata baba mdogo akawa bamdogo. Na mabibi je? Mormor ni mama wa mama, farmor ni mama wa baba, neno moja tu, wakati sisi lazima tuseme bibi mzaa mama. Hapo wametushinda, na inaniuma kukiri.

Haya, nao wameazima. Kusin, yaani binamu, ni neno la Kifaransa na halijali upande. Wanorwei wengi siku hizi husema onkel na tante, maneno ya Kifaransa yaliyopitia kwa Wajerumani.

Lakini chimba mzizi wa hayo mawili. Onkel limetoka kwenye avunculus la Kilatini, na Mrumi alipolitamka alimaanisha kaka wa mama peke yake. Mjomba! Kaka wa baba alikuwa na jina lake, patruus. Tante limetoka kwenye amita, dada wa baba. Shangazi mtupu! Kwa Wafaransa maneno hayo yakapoteza upande, yakabeba kila mtu. Yakafika Oslo yakiwa hivyo hivyo, na kupitia Kiingereza yakatufikia sisi: anko na anti. Tumeliweka kando neno letu linalosema wazi huyu ni nani, tukachukua ambalo lilisahau kazi yake safarini.

Na shangazi ana kazi. Barua ya posa ya yule bibi arusi ilipita mikononi mwake. Anti ni mwenye saluni, ni jirani, ni abiria mwenzako kwenye daladala.

Sherehe ilipokwisha nilimfuata mezani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mkono, hakuuachia. "Leo hakuna mwingine aliyeniita hivyo."