Noma si "hatari" tu
Asante mwandishi kwa makala, ila kusema "noma" maana yake ni "hatari" basi, hapo umeliacha neno njiani. Hapa Dar konda akisema "mbele kuna noma", ujue trafiki wamesimama au foleni haiendi. Lakini kijana akisema "naona noma kumdai", hakuna hatari yoyote: anaona haya. Na tazameni lilivyokaa kisarufi, limeketi palepale pa wenzake: kuona haya, kuona aibu, kuona noma. Halafu mpira ukipigwa ukazama kona ya juu, kijiwe kizima kinalipuka "jamaa noma!" na hiyo ni sifa tupu. "Hakuna noma" nayo ni kukubali ombi la mtu kwa moyo mweupe.

Kinachonifurahisha zaidi ni "kinoma". Nimechoka kinoma, kapendeza kinoma. Hapo ubaya na uzuri vyote vimeondoka, imebaki "sana" peke yake. Na ki- yake ni ileile ya kijanja na kikatili.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaodai vijana wanaharibu lugha. Balaa ni neno la msiba, lenye asili ya Kiarabu, na bado watu wazima tunamsifu mchezaji nalo: "winga yule balaa!" Hatari yenyewe hivyohivyo. Watoto wamefuata njia waliyoikuta. Ombi langu, makala ijayo mtuwekee sentensi nzima nzima, maana neno hili bila sentensi na sauti ya msemaji halishikiki.