Coco Beach: tuweke geti au tuache wazi?

Kila baada ya sikukuu kubwa, iwe Idi, Krismasi au mwaka mpya, mjadala uleule hurudi vijiweni na mitandaoni: Coco Beach, ufukwe wa wazi wa Dar es Salaam, imechafuka, imejaa kupita kiasi, haina ustaarabu tena, basi iwekwe geti na watu walipe kiingilio. Wanaosema hivyo wengi wao wanaupenda ufukwe ule kama ninavyoupenda mimi, na wanachosema kuhusu hali yake ni kweli. Ndiyo maana nataka kuwasikiliza vizuri kabla ya kueleza kwa nini siungani nao.

Fika pale Jumatatu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Juu ya miamba na majani ya bahari utakuta chupa za plastiki, vikombe, makumbi ya madafu na mifuko iliyobebewa mihogo. Kinachoniudhi kuliko vyote ni vijiti vya mishikaki. Vinafukiwa nusu mchangani, ncha juu, mahali ambapo Jumapili ijayo watoto watakimbia pekupeku. Ongeza uhaba wa vyoo, vibaka wanaongoja giza liingie, na mzazi anayelazimika kuwa mwokoaji wa wanawe mwenyewe pindi maji yanapojaa. Mtu akiyaona hayo akasema "walipe hata elfu moja, patunzwe", ana haki ya kusikilizwa.

Na mfano wa kuegemea anao, tena wa jirani. Msitu wa Karura, Nairobi, una zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji. Miaka ya 1990 ulikuwa ukimegwa na wanyakuzi wa ardhi, na Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kujeruhiwa kwa sababu ya kuutetea. Hata baada ya kunusurika na wanyakuzi, watu waliogopa kuingia kwa hofu ya majambazi. Ukazungushiwa uzio, ukawekwa mageti na walinzi, na mwananchi aliye mtu mzima akatozwa shilingi 100 za Kenya. Leo wanawake wanakimbia mle peke yao asubuhi, na familia zinaendesha baiskeli. Kwa Karura, kiingilio kimefanya kazi, na anayekataa hilo anabishana na macho yake.

Hata hivyo Karura imetufundisha na jambo la pili. Mwaka 2025 Shirika la Huduma za Misitu la Kenya lilipoagiza malipo yote yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen, jumuiya ya wananchi iliyokuwa ikiutunza msitu pamoja na shirika hilo ilipinga na kwenda mahakamani. Hofu yao ilikuwa wazi: fedha ikishakwenda mbali na mahali ilipokusanywa, nani atamlipa mlinzi na kuziba njia zilizobomolewa na mvua? Kwa hiyo kilichoiponya Karura ni fedha iliyokuwa ikibaki palepale, chini ya macho ya watu wanaoujua kila mti. Wanaotaka geti Coco Beach wanalisema geti, lakini sehemu hii ya pili sijawasikia wakiitaja.

Sasa tumwangalie anayekuja Coco. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao wanaishi Mbagala, Tandale, Manzese, Gongo la Mboto, Buguruni. Familia nyingi huko zimepanga chumba kimoja au viwili, uani ni pa kufulia na kupikia wapangaji wote, na mtoto anacheza barabarani kati ya bodaboda. Baba wa familia kama hiyo akitaka kupumzika jirani na kwake, mahali palipo tayari kumpokea ni baa. Akikaa, mhudumu amefika: "Nikuhudumie nini?" Asipoagiza, anyanyuke. Karibu starehe yote ya jiji hili imejengwa juu ya swali hilo, na ufukwe wa Coco ni miongoni mwa mahali pachache ambapo unaweza kukaa saa nne bila mtu kukuuliza.

Elfu moja si kitu, wanasema. Tuhesabu. Kwa nauli zilizotangazwa Desemba 2023, kiwango cha chini kabisa cha mtu mzima kwenye daladala Dar ni shilingi 600. Mume na mke wanaopanda magari mawili kwenda na mawili kurudi wametumia 4,800 hata kama kila safari ni ya kiwango hicho cha chini, kabla hujahesabu watoto. Wamebeba wali kwenye hotpoti na maji kwenye dumu, kwa hiyo pale wananunua mihogo ya watoto yenye kachumbari na pilipili, na labda wanakodi tairi moja la kuogelea ambalo watoto watatu watapokezana. Kiingilio cha elfu moja kwa kila kichwa ndicho kinachoifuta ile mihogo na lile tairi, au kinachoifuta safari yenyewe.

Geti nalo huwa na tabia ya kuzaa masharti. Fukwe za kulipia tunazijua. Unalipa, kisha mlinzi anafungua kikapu chako na kukuambia chakula cha nje hakiruhusiwi. Nimemshuhudia mama mmoja kwenye ufukwe wa namna hiyo akirudi na sufuria yake mpaka kwenye mti ng'ambo ya barabara, akawalisha wanawe pale, kisha wakaingia kwa zamu ili mmoja abaki analinda vyombo. Mwenye ufukwe binafsi ana haki ya kulinda biashara ya jiko lake, sigombani naye. Lakini mahali pa umma pakishaendeshwa kwa mtindo huo, yule mama amebaki chini ya mti.

Sheria haitatusaidia sana hapa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ila shabaha yake ni kulinda mazingira. Katazo hilo lenyewe halimfungulii mwananchi njia ya kuyafikia maji. Ndiyo maana ukipita Msasani, Mbezi hadi Kunduchi unaweza kutembea mwendo mrefu kandokando ya bahari usiyoiona, kuta za majumba na hoteli zimeziba, na kichochoro cha kushukia wanakijua wenyeji na wavuvi tu. Na tangu Daraja la Tanzanite lenye urefu wa kilomita 1.03 lifunguliwe mwaka 2022, likiunganisha eneo la Hospitali ya Aga Khan na Coco, ardhi ile imezidi kutamanika.

Kwa hiyo ningependekeza nini? Anayekuja kwa miguu asitozwe. Alipe anayeegesha gari, maana amechukua nafasi ambayo familia nzima ingekaa. Alipe mwenye meza, mwenye jiko na mwenye spika, kwa kibali cha bei inayolingana na ukubwa wa biashara yake, ili mama wa mihogo asibebeshwe mzigo wa mwenye mgahawa. Muuza mishikaki akusanye vijiti vyake mwenyewe, na hilo liwe sharti la kibali. Mapato na matumizi yabandikwe ubao wa wazi palepale ufukweni kila mwezi, na fedha ya kwanza iende kwa waokoaji, ya pili kwenye vyoo, kwa utaratibu huo.

Nakiri utaratibu huo una tundu. Ukitoza maegesho, magari yatahamia mitaa ya Oysterbay na wakazi watalalamika, tena kwa haki. Na mtembea kwa miguu naye anatupa chupa. Umaskini haumpi mtu ruhusa ya kuchafua. Faini kwa anayetupa taka naiunga mkono kabisa, mradi pipa liwe karibu kiasi cha mtu kulifikia bila kuacha watoto majini.

Ila kuna gharama ambayo watetezi wa geti hawaiweki kwenye hesabu: wale watakaoshindwa kulipa wataenda wapi? Sikukuu ya Idi ya mwaka 2008, mjini Tabora, watoto wapatao ishirini walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana kwenye disko toto, ndani ya ukumbi uliojazwa kuliko uwezo wake. Tangu hapo, karibu kila sikukuu polisi hutangaza kupiga marufuku disko toto, na wanafanya vyema. Lakini mtoto aliyevaa nguo mpya asubuhi ya Idi hatakaa ndani. Akikatazwa ukumbi na kuwekewa geti ufukweni, amebakiwa na barabara.

Msongamano wa Coco hautokani na Coco. Umetokana na kwamba ufukwe mmoja unahudumia jiji zima, huku viwanja vya wazi mitaani vimegeuzwa fremu za maduka, gereji na maegesho. Geti litapunguza watu pale kwa kuwarudisha nyumbani, na bado hakuna hata kiwanja kimoja kitakachoongezeka Mbagala. Ndiyo maana naona macho yanapaswa kugeukia Kigamboni, ambako daraja la mwaka 2016 limefungua mlango na pwani bado ina vipande ambavyo havijajengwa. Manispaa ya huko ikitenga sasa hata vipande viwili vya ufukwe kwa ajili ya umma, ikavipima, ikavipatia hati na njia ya daladala hadi mchangani, familia za Temeke na Mbagala hazitalazimika kuvuka jiji zima kuja kubanana Coco. Baada ya miaka kumi, ardhi hiyo itakuwa imeshagawiwa, na tutakuwa tunabishana kuhusu kichochoro.