Umeyaacha wapi magunia?

Ukifanya kazi ofisini katika nchi hii, kuna barua moja ambayo hutamani kuiandika: barua ya kujieleza. Umechelewa kazini, au fedha za safari hazina risiti, mkuu wako amekuandikia na amekupa siku chache za kujibu. Unakaa chini, jasho linakutoka, unaanza kujitetea. Ndiyo maana sikushangaa wiki iliyopita, binti niliyemfundisha sekondari aliponijia hapa Nkuhungu, Dodoma, akanipa shikamoo, akasema vyuo vya nje vinamtaka aandike ukurasa mzima wa kujieleza na tangu Jumatatu ameshindwa hata kuanza. Neno lenyewe kwetu lina harufu ya kosa.

Kiswahili bado hakijapata jina moja la kitu hiki. Wengine husema maelezo binafsi, lakini kwenye matangazo ya kazi za serikali maelezo binafsi ni ule wasifu wenye anwani, namba za simu na wadhamini watatu. Wengine husema barua ya motisha, na mimi motisha naijua kama posho. Naendelea kuiita barua ya kujieleza, kwa kuwa natamani neno lirudi kwenye maana yake ya asili. Mtu asiyekujua anaomba umweleze nafsi yako ili akujue.

Binti akanipa simu nisome alichoandika. "Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na shauku kubwa ya kusomea uchumi wa kilimo. Mimi ni mchapakazi, mbunifu, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo na bila kusimamiwa." Kiingereza chake kilikuwa safi, hakuna kosa hata moja. Nilisoma mara mbili na nikamaliza nikiwa simjui zaidi ya nilivyomjua alipokuwa anabisha hodi.

Nikamuuliza, tangu umalize chuo ulikuwa wapi?

"Nilikuwa nakaa tu Kibaigwa kwa mjomba, madamu."

Kukaa tu. Neno hili nimelisikia kwa vijana wengi hadi nimejifunza kutoliamini. Nikamwambia anisimulie siku moja ya huko kukaa tu, kuanzia asubuhi. Kumbe mjomba ananunua mahindi pale sokoni Kibaigwa, na binti ndiye aliyekuwa anashika daftari. Magunia yanaingia kutoka vijijini, wengine wanaleta kwa matrekta, wengine kwa pikipiki. Gunia linapandishwa kwenye mizani, yeye anaandika jina la mkulima, kijiji, idadi ya magunia, fedha iliyolipwa. Hizo zilikuwa safu za mjomba. Baada ya wiki ya kwanza akachora safu ya tano kwa rula, peke yake, bila kutumwa na mtu, akaanza kuandika uzito halisi wa kila gunia.

Mnajua kwa nini. Gunia la lumbesa linajazwa mpaka mdomoni, kisha linashonewa kilemba juu na kujazwa tena, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura 340, imeweka wazi kwamba mzigo wa mazao usizidi kilo 100. Daftari la binti lilikuwa linaonyesha 124, 131, 119, 127. Msimu mmoja alipima magunia 412, na yaliyokuwa kilo 100 au pungufu yalikuwa 37 tu. Alinitajia namba hizo bila kuangalia popote.

Nikamuuliza kwa nini mkulima anakubali. Hapo akakaa sawa kwenye kiti, akasahau kwamba yuko kwa mwalimu wake. Alisema ushuru unatozwa kwa gunia, makuli wanalipwa kwa gunia, na lori linahesabu safari kwa gunia, kwa hiyo kila anayenunua anaona faida gunia likinenepa. Mkulima naye hana mizani nyumbani, na mara nyingi anauza siku ambayo ada ya mtoto inadaiwa. Alimshawishi mjomba anunue kwa kilo. Mjomba alikubali wiki tatu, madalali wakamkimbia, akarudi kwenye gunia. Binti alikasirika na hasira hiyo hajaimaliza mpaka leo. Anataka kusoma uzamili kwa sababu anataka kujua kama kubadilisha namna ya kutoza ushuru kungeweza kuua lumbesa kuliko kumkamata mkulima barabarani.

Nikarudi kwenye simu. Hakuna gunia hata moja. Nikamuuliza, mwanangu, umeyaacha wapi magunia?

"Madamu, hayo si mambo ya kumwandikia Mzungu."

Hapa ndipo naomba tuelewane, kwa maana nadhani vijana wetu wengi wanakosea mahali hapa na wanaacha nafasi zinawapita. Wanaamini kwamba jambo la Kibaigwa ni dogo mno kwa karatasi ya Uingereza au Marekani, na kwamba karatasi hiyo inataka maneno makubwa. Maneno makubwa wanayo watu wote. Mwaka 2007 UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza, kilipitisha barua 50,000 za waombaji kwenye programu ya kutafuta maandishi yaliyonakiliwa. Barua 234 zilikuwa na kisa kilekile cha mtoto aliyechoma nguo zake za kulalia siku ya kutimiza miaka minane, akichezea kemikali, na tangu siku hiyo akaipenda sayansi. Watoto 234, moto mmoja. Mtu anayesoma barua hizo mchana kutwa anatafuta kitu kimoja tu, yaani mahali ambapo mwombaji huyu amesimama na mwingine hajasimama. Safu ya tano ya daftari la Kibaigwa ni mahali pa namna hiyo.

Sababu ya pili ni ya malezi, na hii naiheshimu hata ninapopingana nayo. Tumeambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto wa kike hasa, huku kwetu kanda ya kati, anafundishwa kwamba kusimama mbele za watu na kusema "mimi nimefanya" ni utovu wa adabu, asubiri wengine wamsemee. Kwa hiyo anapolazimika kujisema anakimbilia sifa ambazo hazina mwenyewe: mchapakazi, mwaminifu, mbunifu. Anaona sifa hizo hazimvunjii adabu kwa kuwa kila mtu anazisema. Lakini tazama majigambo, yale tuliyosoma kwenye fasihi simulizi. Anayejigamba hasemi "mimi ni jasiri" akakaa chini. Anataja vita, anataja mto aliouvuka, anataja aliyemwangusha, na anasema hayo mbele ya watu waliokuwepo, wanaoweza kumkatalia. Jadi zetu zilijua kujisema, na zilidai ushahidi. Kuandika "nilipima magunia 412" si kujisifu. Ni taarifa, na anayetaka kuikataa aende akalione daftari.

Kwa wanaoomba kazi serikalini niseme kwa ufupi, maana barua ile ni kitu kingine kabisa. Unapomwandikia Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, usimsimulie maisha yako. Andika jina la kada kama lilivyotangazwa, saini barua, ambatisha vyeti vinavyotakiwa, basi. Nimeona vijana wenye sifa zote wakikwama kwa saini tu. Magunia yako yasubiri usaili wa mahojiano, wanapokuambia "tueleze kwa kifupi kuhusu wewe." Kila msimu wa usaili nakutana na vijana kwenye daladala za kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma, bahasha za kaki mapajani, midomo inacheza kimyakimya wakikariri jibu la swali hilo, na ninachosikia ni yaleyale: mchapakazi, mwaminifu, chini ya shinikizo.

Vyuo na wafadhili wa nje nao hawaulizi kitu kimoja, na inaniuma kuona mtu anatuma barua moja kila mahali. Fulbright, ambao ni ufadhili wa serikali ya Marekani, wanataka maandishi mawili tofauti, moja la wewe ni nani na jingine la unataka kusoma nini na kwa nini. Chevening, ambao ni ufadhili wa serikali ya Uingereza tangu 1983, wana maswali yao kuhusu uongozi, mahusiano yako na watu na mipango ya kazi, na wanataka uwe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, sawa na kama miaka miwili. Binti alikuwa ameshajikatia tamaa, "mimi sijawahi kuajiriwa." Lakini kazi ya kujitolea na isiyolipwa inahesabika. Miaka miwili ya daftari la mjomba, asubuhi hadi jioni, yeye alikuwa ameiandika kwenye wasifu wake kama nafasi tupu.

Mimi mwenyewe nilinyimwa mara ya kwanza nilipoomba kwenda kusoma uzamili, na nilijua kwa nini siku nilipoisoma tena barua yangu miezi baadaye. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili za upendo wangu kwa elimu. Nilikuwa mwalimu wa jiografia na sikutaja hata kipindi kimoja. Mwaka uliofuata niliandika kuhusu kopo la maziwa ya unga tulilolisimika nyuma ya darasa, lenye rula ndani, ambalo wanafunzi wangu walikuwa wanalisoma kila siku saa tatu asubuhi ili tujue mvua imenyesha milimita ngapi. Nilieleza jinsi walivyogundua kwamba mvua moja ya Januari ilileta maji mengi kuliko wiki tatu zilizofuata, na jinsi baba wa mtoto mmoja alivyokuja shuleni kuuliza kama kopo linaweza kumwambia lini apande uwele. Sikuwa na jibu la yule baba, na niliandika kwamba sina. Niliitwa.

Sasa kuna stesheneri karibu na kila chuo hapa mjini ambapo unaletewa barua iliyokwisha andikwa, unabadilisha jina na tarehe. Kijana mmoja wa Mpwapwa alinunua mojawapo. Ndani yake kulikuwa na aya nzuri sana ya kukua kando ya ziwa na kuona wavuvi wakirudi mikono mitupu. Mpwapwa hakuna ziwa. Alipoitwa kwenye mahojiano kwa simu wakamuuliza habari za wavuvi wale, akanyamaza, na nafasi ikaishia pale. Sikumlaumu yeye peke yake, kwani aliyemuuzia alimwambia barua hiyo "imeshapitisha watu." Na sasa programu za akili mnemba zinafanya kazi hiyo bure. Zikurekebishie sarufi, sina ugomvi. Lakini hazijawahi kufika Kibaigwa, na ukiziachia nafasi zitakuandikia ziwa.

Lugha ndiyo kikwazo ambacho watu wanakitaja kwanza, nami nakiweka mwisho kwa sababu kina dawa rahisi. Tumesoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na wengi wetu mambo ya maana ya maisha yetu yalitupata kwa Kiswahili au kwa Kigogo. Ukianza kuandika moja kwa moja kwa Kiingereza unaandika maneno ambayo Kiingereza chako kinayo, na hayo ni yale ya darasani. Nilimwambia binti afungue simu, ajirekodi kwa Kiswahili akimsimulia mdogo wake kilichotokea sokoni, dakika kumi, bila kujisahihisha. Kisha asikilize na aandike alichosema kama kilivyo. Kutafsiri kuje siku nyingine, akiwa amepumzika. Akasita, akasema atajisikia aibu kusikia sauti yake. Nikamwachia sebule, nikaenda jikoni kusonga ugali.

Niliporudi alikuwa bado anaongea, amefika kwenye siku madalali walipomkimbia mjomba, na sauti imepanda. Dakika kumi zilikuwa zimepita zamani. Sikumkatiza.

Jana usiku amenitumia aya ya kwanza. Inaanza hivi: "Gunia la kwanza nililopima lilikuwa na kilo 124, na mwenye mahindi alilipwa gunia moja." Aya ya pili bado tunabishana, anataka kurudisha ile shauku ya utotoni na mimi nimekataa. Kuhusu hasira yake kwa mjomba sijui bado kama ikae au itoke, maana mjomba ni mzazi na barua ikishatumwa hairudi. Nimemwambia aje Jumamosi mchana tuisome pamoja kwa sauti, na kwamba asije na simu tu. Aje na daftari.