Muuza Raba Hajawahi Kupanda Kwetu

Muuza raba wa pale sokoni Mlango Mmoja, Mwanza, anakutandikia kipande cha boksi, anakwambia, "Jaribu bosi, tembea kidogo." Nitembee wapi? Boksi lenyewe likiisha unakanyaga viatu vya mwenzake! Halafu anaikunja soli, anaipiga kofi: "Mtumba grade one huu, unang'ata balaa." Unang'ata boksi, sawa. Mimi sikai kwenye boksi. Nimepanga Mabatini, juu mlimani, ambako mwenye nyumba aliona jiwe limeinama kuelekea Barabara ya Nyerere, akaliita njia.

Jiwe kavu sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni mama wa nyumba ya juu, anafua kabla jogoo hajawika na kumwaga mapovu palepale tunapopita watu wa kazini. Ukimlalamikia: "Maji yanateremka yenyewe, baba." Kweli. Hata mimi siku hizi nateremka mwenyewe.

Kwa hiyo soli nazijua kuliko wanaoziuza. Raba za kukimbilia, kisigino chake huwa mpira mgumu ili usilike haraka na lami. Kwenye jiwe lenye sabuni, ugumu huo haukusaidii kitu, labda kufika barabarani mapema. Njumu ndiyo usiseme. Zile meno zake zinataka udongo zizame; jiwe la Mwanza halizamwi, unabaki umesimama juu ya vinundu vya plastiki ukitaja majina ya watakatifu. Raba za kikapu zina mistari ya nyokanyoka, zinashika sakafu safi vizuri sana, ila vumbi likiingia tu basi, ndiyo maana wachezaji wanapangusa soli kwa kiganja mechi ikiendelea. Sasa mimi nipanguse soli saa ngapi, mkoba kwapani, na konda huko chini anaita?

Kuna Mwitaliano, Vitale Bramani, wenzake sita walifia kwenye milima ya Alps mwaka 1935. Kufika 1937 akawa ameleta soli ya mpira yenye meno makubwa, Vibram. Mwanaume! Nikazitafuta kwenye mitumba mpaka nikazipata. Kumbe mpira nao unazeeka, unakauka, unakuwa mgumu. Meno yote yapo, hayang'ati chochote.

Na kinachoniudhi zaidi ni katoto ka yule mama. Kanashuka pekupeku, ndoo kichwani, kanakimbia! Juzi kamenikuta nimechuchumaa katikati ya mteremko, mikono yote miwili imeshika jiwe.

"Shikamoo anko. Umedondosha hela?"

Ningesema nini? Nikasema ndiyo, elfu tano.

Tangu hapo kila asubuhi kanashuka na wenzake, wanainama hapohapo kunisaidia kuitafuta, na jana mama yake kaja kuuliza kama ikipatikana watagawana vipi.