Fungueni chumba cha kompyuta cha maktaba

Jana usiku mkutubi wa chuo ninachosoma huku alivuta kiti akakaa nami kwenye meza ya anatomia, ile skrini iliyolazwa, inayomtosha mtu mzima kwa urefu. Akaukata moyo kwa kidole, akaugeuza hadi vali zikaonekana, kisha akasema: "Haya, zamu yako." Hapakuwa na fomu ya kujaza wala ufunguo wa kutafuta.

Huo ufunguo ndio ulioniuma. Chuoni kwetu nyumbani nasi chumba cha kompyuta tunacho, mnakijua. Kompyuta zimefunikwa vitambaa, ufunguo anao mtu mmoja, akisafiri hakuna anayeingia. Hinari ya Shirika la Afya Duniani ilianza 2002 kuzifungulia nchi kama zetu maelfu ya majarida ya tiba, bure au kwa ada ndogo, ila kwetu paswedi yake ilitunzwa kama siri ya ukoo. PubMed nayo, hazina ya kutafutia makala za tiba mtandaoni, ni bure kwa kila mtu tangu 1997. Lakini nani alitukalisha akatuonyesha kutafuta kwa majina rasmi ya magonjwa, badala ya kuandika lolote linalokuja kichwani na kupewa makala elfu kumi?

Najua mtakachosema: "Kafika juzi tu, keshaanza kutudharau." Simdharau mtu. Kusikiliza kifua na kupapasa ini bila kusubiri picha nilifundishwa nyumbani, na wodini huku ujuzi huo unaniheshimisha. Wanafunzi wetu hurushiana makala kwa simu usiku wa manane, kila mmoja na bando lake. Watu wenye kiu hiyo wanafungiwaje mlango?

"Bajeti hakuna." Ya meza ile, nakubali. Ila Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilitoa mwaka 1994 picha za mwili mzima wa mwanaume uliokatwa vipande vya milimita moja moja, na leo hazihitaji hata leseni. Kompyuta iliyo chini ya kitambaa inazionyesha vizuri tu.

"Wataziharibu." Basi ziharibike zikitumika! Zikifungiwa zinazeeka vilevile, na hakuna aliyejifunza kitu. Mkutubi apewe saa mbili kwa wiki kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza, na paswedi ya Hinari apewe kila mwanafunzi siku anayosajiliwa.